Kiungo Masalia na Kiungo Kisicho na Kazi: Uhakiki wa Istilahi za Mageuko

Utangulizi

Kazi ya istilahi ni kukitaja kitu ili watu waweze kukijadili. Si kazi yake kuuamua mjadala kabla haujaanza. Kanuni hii ni nyepesi kuitamka, lakini ni nzito kuifuata, na mara nyingi wafasiri huivunja pasipo kukusudia. Tukumbuke yaliyotokea mwezi Machi mwaka 2017, Serikali ilipozuia kusafirishwa nje kwa makinikia ya migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, wilayani Kahama katika mkoa wa Shinyanga. Wengi waliyaita "mchanga". Wengine walilishika neno "makinikia", ambalo lilikuwa geni masikioni mwa watu wengi. Aliyesikia "mchanga" aliona udongo uliochotwa kwa koleo na kupakiwa. Aliyesikia "makinikia" aliona kitu kilichokwisha kusagwa, kuchujwa na kukusanywa. Kilichokuwamo ndani ya makontena kilikuwa kimoja, lakini maswali ambayo kila msikilizaji aliyauliza yalitegemea neno alilopewa.

Katika makala haya tunakusudia kuhakiki istilahi chache zitumikazo katika mjadala wa mageuko ya viumbe, hasa zile zihusuzo viungo vilivyopunguka mwilini na ukuaji wa kiumbe kabla ya kuzaliwa. Mifano yetu mingi tumeichota Shinyanga na Geita kwa sababu mbili. Kwanza, wakazi wa huko huishi karibu na vielelezo vyenyewe: ng'ombe, nyoka, samaki na machimbo. Pili, ni mahali ambapo maneno yahusuyo mwili wa binadamu yamekuwa na gharama kubwa, kama tutakavyoeleza.

Yafaa pia kuikumbuka hali ya mwalimu. Katika shule zetu za sekondari somo la biolojia hufundishwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi huyatafakari aliyoyasikia kwa Kiswahili, na jioni aghalabu huyaeleza nyumbani kwa Kisukuma. Istilahi isiyo sahihi hupotosha mara mbili katika safari hiyo: mara ya kwanza darasani, na mara ya pili barazani.

Mageuzi au mageuko?

Tuanze na jina la nadharia yenyewe. Wapo waandikao "mageuzi ya viumbe" na wapo waandikao "mageuko ya viumbe", kana kwamba maneno hayo mawili ni pacha. Sivyo. "Mageuzi" yanatokana na kitenzi "geuza", na kitenzi hicho kinahitaji mtenda: pakiwa na mageuzi, yupo aliyegeuza. Ndiyo maana neno hili limekaa vizuri katika siasa, na tangu mfumo wa vyama vingi uliporejeshwa mwaka 1992 limezoeleka zaidi huko. "Mageuko" yanatokana na "geuka", nacho hutaja badiliko bila ya kumtaja aliyelileta.

Mwenye kusema "mageuzi ya viumbe" amekwisha kutia mtenda ndani ya jina, ilhali kuwapo au kutokuwapo kwa mtenda ni miongoni mwa mambo yanayobishaniwa. Anayesema "mageuko" hamkubali wala hamkatai mtenda huyo. Kwa hiyo "mageuko" ni neno la haki kwa pande zote mbili, nasi tunalipendekeza.

Hata hivyo neno hili lina hatari yake, nayo ni vema mfasiri aijue. Katika masimulizi yetu mtu hugeuka fisi usiku mmoja, na alfajiri akarudi kuwa mtu. Msikilizaji aliyelelewa na masimulizi hayo akiambiwa kwamba mnyama fulani "aligeuka" mnyama mwingine, hudhani kwamba mnyama mmoja alilala hivi akaamka vile. Nadharia haisemi hivyo. Inasema kwamba watoto hawafanani kabisa na wazazi, na kwamba tofauti hizo, zikirithiwa kwa vizazi vingi mno, hubadilisha ukoo mzima. Mwenye kugeuka ni ukoo. Mnyama mmoja mmoja hageuki. Mfasiri aandike basi "ukoo huu ulibadilika kizazi baada ya kizazi", wala asiandike "wanyama hawa walijigeuza", maana "kujigeuza" kunaongeza hata nia ambayo mnyama hakuwa nayo.

Kiungo kisicho na kazi

Sasa tuje kwenye kiini cha uhakiki wetu. Mjadala wa mageuko hutaja sana viungo ambavyo kwa wanyama fulani ni vikubwa na vyenye kazi dhahiri, na kwa wanyama wengine ni vidogo na dhaifu. Kwa Kiswahili tumezoea kuvisikia vikiitwa "viungo visivyo na kazi" au "viungo visivyo na faida". Tunaikataa tafsiri hii, na sababu zetu ni hizi.

Kwanza, si kweli kwamba nadharia yenyewe inavieleza hivyo. Charles Darwin, katika kitabu chake cha mwaka 1859 juu ya asili ya spishi, alikubali wazi kwamba kiungo kinaweza kupoteza kazi moja kikabaki na nyingine, au kikapewa kazi mpya kabisa. Alichokitazama ni kiungo kilikotoka. Mjerumani Robert Wiedersheim alipochapa mwaka 1893 orodha ya viungo 86 vya aina hii katika mwili wa binadamu, watu wengi waliisoma kama orodha ya vitu vya kutupwa. Sayansi ya tiba ilipoendelea, viungo kadhaa vya orodha hiyo vilionekana kuwa na kazi, na wapinzani wa nadharia wakadai kwamba kila kazi iliyogunduliwa imebomoa tofali moja la nadharia. Watetezi nao, kwa kuogopa kushindwa, wakawa wagumu wa kukubali kazi hizo. Pande zote mbili zilikuwa zikigombana na ufafanuzi mbaya.

Pili, tafsiri hii humfanya mwalimu achague mifano mibaya. Mfano unaotajwa kuliko yote ni kidole tumbo. Lakini ndani ya kidole tumbo mna tishu za mfumo wa kinga ya mwili, na ulinganisho wa mamalia wengi umeonyesha kwamba kiungo hiki kimetokea mara nyingi katika koo mbalimbali. Kwa hiyo hadhi yake kama mfano wa kiungo kilichopunguka inabishaniwa. Mwalimu aliyejenga somo lake lote juu ya kidole tumbo amejenga juu ya mchanga. Ni jambo la kuangalia kwamba Kiswahili chenyewe kilikuwa na busara zaidi: "kidole tumbo" kimetajwa kwa umbo lake na mahali kilipo, na "kifandugu" ni jina tu la mfupa wa mwisho wa uti wa mgongo. Hakuna hata moja kati ya majina hayo linalokihukumu kiungo.

Mwalimu wa Shinyanga anayo mifano bora zaidi karibu naye. Amwambie mwanafunzi autazame mguu wa ng'ombe. Ng'ombe hukanyaga kwa kwato mbili, lakini nyuma ya mguu, juu kidogo ya kwato hizo, zipo kwato nyingine mbili ndogo ambazo hazifiki chini pakiwa pakavu. Hizo ni vidole vya pembeni vilivyopunguka. Katika kiinitete cha ng'ombe vidole hivyo huanza kuumbwa pamoja na vile vya katikati, kisha ukuaji wake ukabaki nyuma. Je, havina kazi? Masika, ng'ombe anapozama katika tope jeusi la mbuga, kwato hizo ndogo hugusa ardhi. Kuwa na kazi katika tope hakuzifanyi ziache kuwa vidole vilivyopunguka.

Mfano wa pili ni chatu. Usukumani wapo wachezaji na waganga wa nyoka waitwao Bayeye, na ngoma za mashindano za Bagika na Bagalu zimewahi kuwaonyesha chatu mbele ya umati. Mwenye kumshika chatu huweza kuona, kila upande wa tundu la haja, ukucha mmoja mdogo. Ndani ya mwili, nyuma ya ukucha huo, mna mabaki ya mifupa ya nyonga na paja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 umeonyesha kwamba katika kiinitete cha chatu mguu wa nyuma huanza kujengwa, kisha ujenzi ukasita. Nazo kucha hizo hazikai bure: dume huzitumia kumpapasa jike wakati wa kujamiiana. Mtu aliyefundishwa kwamba hivi ni "viungo visivyo na kazi" atamwona dume la chatu na kusema nadharia imeanguka. Aliyefundishwa vema atasema: kiungo cha kutembelea kimepunguka, na kilichobaki kimepata kazi nyingine.

Ushahidi kutoka katika sarufi

Wasomaji wetu ni watu wa lugha, kwa hiyo tunaomba ruhusa ya kutumia mfano wa lugha. Darwin mwenyewe alivilinganisha viungo hivi na herufi ambazo hazitamkwi tena lakini zimebaki katika tahajia, zikimsaidia mchunguzi kujua asili ya neno. Kiswahili hakina herufi nyingi za namna hiyo, lakini kina mfano ulio bora kuliko wake.

Tutazame "ku" katika "anakula" na "atakuja". Twasema "anasoma", hatusemi "anakusoma" ila pale "ku" inapomtaja mtendwa. Basi "ku" ya "anakula" imetoka wapi? Wanaisimu wengi wanakubaliana kwamba viambishi kama "-ta-" na "-me-" vilikuwa zamani vitenzi vinavyojitegemea, na kwamba "-ta-" imetokana na "taka". Kitenzi kilichofuata kilikuwa katika hali ya kitenzi-jina, yaani kilianza na "ku". Maneno yalipoungana, "ku" ilidondoka katika vitenzi virefu, na ikabaki katika vile vya silabi moja. Je, katika "anakula" haina kazi? Inayo: hubeba mkazo, ambao viambishi hivi haviwezi kuubeba. Si kazi yake ya awali, bali ni kazi.

Sasa tutazame "amekwenda" na "amekwisha". Vitenzi "enda" na "isha" vina silabi mbili, navyo vyaweza kubeba mkazo bila ya msaada. Hapa "ku" haihitajiki, na kwa kweli watu wengi wanasema "ameenda" na "ameisha". Tunazo basi "ku" mbili: moja ina kazi mpya, nyingine haina kazi ya lazima na inaendelea kuachwa mbele ya macho yetu. Lakini hakuna mwanasarufi atakayesema kwamba asili zake ni mbili. Zote ni masalia ya kitu kimoja. Kinachozifanya kuwa masalia ni historia yake. Kuwa na kazi au kutokuwa nayo ni suala la pili.

Masalia na marudio

Wachimbaji wadogo wa Geita wanalifahamu jambo hili kwa vitendo. Mchanga uliokwisha kusagwa kwenye karasha na kuoshwa mialoni hawauiti uchafu. Wanauita "marudio". Dhahabu nyepesi kupatikana imekwisha kutolewa, lakini iliyobaki ndani yake huweza kutolewa kwa sayanidi, na marudio huuzwa na kununuliwa. Jina hilo halisemi kwamba mchanga huo hauna thamani, wala halisemi kwamba unayo. Linasema tu kwamba umekwisha kupita mara moja, na kwamba waweza kupitishwa tena. Hilo ndilo jina zuri: linaeleza kitu kilikotoka, na linaacha suala la thamani lipimwe.

Kwa kufuata mantiki hiyo tunapendekeza istilahi "kiungo masalia", na wingi wake "viungo masalia". Ufafanuzi wake uwe huu: kiungo ambacho kimepunguka umbo, au kimepoteza kazi yake ya awali, kikilinganishwa na kilivyokuwa kwa mababu wa kiumbe hicho, kiwe kina kazi nyingine sasa au hakina. Tunajua kwamba "masalia" hutumika pia kwa vitu vya kale vinavyofukuliwa, kwa mabua yanayobaki shambani, na kanisani kwa vitu vya watakatifu. Hatuoni kwamba hilo ni tatizo. Katika matumizi yote hayo maana ya msingi ni moja, na neno "kiungo" likitangulia hakuna atakayechanganyikiwa.

Lipo pingamizi zito zaidi. Msomaji asiyeikubali nadharia ya mageuko aweza kusema kwamba istilahi yetu nayo inaamua mjadala, kwa kuwa inataja mababu. Pingamizi hili lina haki, na jibu letu ni kwamba istilahi ya nadharia haiwezi kuficha dai la nadharia hiyo. Lakini ipo tofauti kati ya dai lililowekwa wazi na dai lililofichwa. "Kiungo masalia" kinasema waziwazi: tunadai kwamba kiungo hiki kimerithiwa. Mpinzani anajua apinge nini, na mtetezi anajua alete ushahidi gani. "Kiungo kisicho na kazi" kinawatuma wote wawili kutafuta kazi ya kidole tumbo, na suala la urithi, ambalo ndilo suala lenyewe, likaachwa bila ya kuguswa.

Kiinitete, kijusi na matamvua

Upande wa ukuaji wa kiumbe kabla ya kuzaliwa, Kiswahili kina istilahi nzuri, lakini hazitumiki kwa uangalifu. "Mimba" ni hali ya mama. "Kiinitete" ni kiumbe katika hatua za mwanzo, ambazo kwa binadamu huhesabiwa hadi wiki ya nane. Baada ya hapo ni "kijusi". Mambo yanayotajwa katika mjadala wa mageuko, kama mkia ambao baadaye hupungua na kubaki kifandugu, huonekana kwa kiinitete. Anayeandika kwamba "kijusi kina mkia" amempotosha msomaji, na yule asemaye "mimba ina mkia" hajaeleweka kabisa.

Kosa kubwa zaidi ni lile la "matamvua". Husemwa kwamba mtoto tumboni ana matamvua kama ya samaki. Mtu wa kando ya ziwa, ambaye amepasua vichwa vya sangara maisha yake yote, anajua matamvua ni nini: ni vile vyuzi vyekundu vya kupumulia majini. Akiambiwa kwamba mtoto wa binadamu anavyo, ama ataamini uongo, ama atalikataa somo zima. Na akilikataa, hatutamlaumu. Kiinitete cha binadamu hakina matamvua wakati wowote. Kilicho nacho, kuanzia wiki ya nne hivi, ni matao yaliyopangana pande mbili za koo. Kwa samaki, matao ya namna hiyo huendelea yakabeba matamvua. Kwa binadamu hujenga taya, vifupa vya sikio la kati na sehemu za zoloto. Tunapendekeza yaitwe "matao ya koromeo", jina litajalo umbo na mahali, lenye kufaa kwa samaki, ng'ombe na mtu kwa usawa.

Asili ya kosa hili ni nadharia ya Ernst Haeckel, aliyedai mwaka 1866 kwamba kiumbe kinapokua hurudia kwa ufupi hatua za mababu zake. Michoro yake ya viinitete ililaumiwa na Wilhelm His mwaka 1874 kwa kutokuwa ya kweli, na mwaka 1997 Michael Richardson na wenzake walichapisha picha zilizoonyesha jinsi viinitete vinavyotofautiana kuliko michoro ile. Wapo waliodhani kwamba kwa kuanguka Haeckel ushahidi wote wa viinitete umeanguka. Lakini mwaka 1828, miaka 38 kabla ya Haeckel, Karl Ernst von Baer alikwisha kueleza jambo lililo sahihi zaidi, naye hakuwa mfuasi wa mageuko ya Darwin: kiinitete cha mnyama mmoja hufanana na kiinitete cha mwingine, wala hakifanani na mnyama mwingine aliyekwisha kukomaa.

Tofauti hii ni ya lugha kama ilivyo ya sayansi. Neno "marudio", ambalo tumelisifu kwa wachimbaji, halifai kutumiwa hapa kueleza yale yanayotendeka tumboni. Tuseme "nadharia ya marudio" tunapomtaja Haeckel, kama jina la fikra iliyopita. Tunapoeleza ukuaji wenyewe, tuseme "mfanano wa viinitete". Mwalimu aliye kando ya ziwa aweza kuuonyesha ukuaji huo pasipo michoro yoyote, maana jike la sato na la furu hubeba mayai kinywani, na mvuvi huwakuta vifaranga wadogo wakiwa bado na kifuko cha kiini cha yai.

Gharama ya maneno

Huenda msomaji akauliza kama mambo haya yana uzito wowote nje ya darasa. Tunaamini yanao, hasa katika mikoa tunayoitaja. Kwa miongo kadhaa vikongwe wameuawa Usukumani kwa kushukiwa uchawi, na alama iliyotajwa dhidi yao ilikuwa macho mekundu, ambayo sababu yake ya kawaida ni moshi wa kuni na samadi wa miaka mingi jikoni. Tangu mwaka 2007 taifa limeshuhudia mauaji ya watu wenye ualbino katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, viungo vyao vikitafutwa kwa imani kwamba vitaleta utajiri wa dhahabu au samaki. Mwaka 2009 Mahakama Kuu, ikiketi Kahama, iliwahukumu watu watatu adhabu ya kifo kwa mauaji ya mtoto mwenye ualbino aliyetoka Bukombe, wilaya ambayo sasa imo katika mkoa wa Geita.

Mahali ambapo kiungo cha mtu kimewahi kuulizwa "kina kazi gani", kwa maana ya kazi kwa mtu mwingine, mwalimu hana budi kuwa mwangalifu na neno "kazi". Katika biolojia kazi ya kiungo ni kazi kwa mwili wenye kiungo hicho, basi. Hakuna kiungo kilichopo kwa ajili ya bahati ya jirani, na hakuna alama ya mwili itoayo habari za moyo. Somo la viungo masalia na la urithi, likifundishwa kwa maneno sahihi, humfundisha mwanafunzi kuuliza "hali hii imetoka wapi?" kabla ya kuuliza "ina maana gani kwangu?" Ualbino hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili, macho mekundu hutoka jikoni. Lugha yetu rasmi imekwisha kupiga hatua kwa kuliacha neno "zeruzeru" na kusema "mtu mwenye ualbino". Hatua hiyo yafaa ifuatwe na nyingine.

Mapendekezo

Kwa muhtasari tunapendekeza kwa walimu, wafasiri na watumishi wa Serikali mambo yafuatayo. Kwanza, litumike "mageuko", na "mageuzi" yaachiwe siasa na utawala. Pili, litumike "kiungo masalia" kwa ufafanuzi tulioutoa, na "kiungo kisicho na kazi" kiondolewe katika vitabu. Tatu, "kiinitete" na "kijusi" visichanganywe. Nne, litumike "matao ya koromeo", na "matamvua" yabaki kwa samaki. Tano, kila itajwapo kazi ya kiungo, mwandishi apambanue "kazi ya awali" na "kazi ya sasa".

Istilahi hizi hazitamfanya mtu yeyote aiamini nadharia ya mageuko, wala hazitamzuia. Zitamwezesha anayeikubali na anayeikataa wazungumzie kitu kimoja. Tunawakaribisha wasomaji, hasa walimu wa sayansi walioko mikoani, watuletee maneno yatumikayo kwao kwa mambo haya, ili yapimwe kabla ya kusanifishwa.